Mwacheni Golikipa Alale

Siku ya mechi ya nyumbani, mtaa aliokaa Verna Pawlyshyn mjini Marwood ulinyamaza mara tu baada ya chakula cha mchana. Hakuna aliyewasha mashine ya kuondolea theluji. Mbwa wa Doreen, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye domo kuliko Doreen mwenyewe, na hilo si dogo, aliingizwa ndani akapewa mfupa. Mleta barua alipita akinyata. Golikipa amelala, na golikipa akilala Marwood haipigi kelele.

Timu za vijana za mpira wa magongo wa barafuni katika nyanda zile za ngano hazina mabweni. Vijana hutoka mbali wakiwa bado na chunusi, kila mmoja na begi kubwa la vifaa linalonuka jasho, nao hugawanywa katika nyumba za watu. Wanakula meza moja na wenyeji, wanafuliwa soksi, wanagombezwa kama wa kuzaliwa. Verna, ambaye Mungu hakumjalia kuzaa, alianza kuwapokea tangu mumewe Metro akiwa hai. Walipita wengi. Wengine walimwandikia kila Krismasi, wengine walipotea kama moshi, na mmoja alikuja kuwa mchungaji, jambo ambalo Verna hajaliamini hadi leo, maana alikuwa anajua kilichokuwa chini ya godoro lake.

Nyumba yake ilikuwa na kanuni chache ila zilikuwa chuma. Buti huvuliwa kwenye kibaraza cha nyuma, wala hazivuki kizingiti. Siku ya mechi ni tambi na kuku saa sita na nusu, kisha kijana anapanda juu kulala. Saa kumi Verna anapanda ngazi kumwamsha, kwa sababu saa kumi na nusu kila mchezaji lazima awe amekanyaga ndani ya uwanja. Atakayechelewa havai jezi siku hiyo.

Kuamsha kwenyewe kulikuwa na namna yake. Hakuita jina wala hakutikisa bega. Alishika kidole gumba cha mguu, akakibana taratibu, akangoja. Hivyo ndivyo baba yake alivyokuwa akiwaamsha shambani alfajiri waende kukamua. Mzee yule alikuwa akisema kwamba mtu ukimshtua kwa kichwa, nusu yake hubaki ndotoni. Ukimvuta kwa mguu, huja mzima. Vijana walicheka mwanzoni, halafu wakazoea, halafu wakawa hawawezi kulala soksi zikiwa miguuni.

Mwaka ninaousimulia, aliyelala juu alikuwa Kendal Ballantyne. Alitoka kaskazini, kule barabara inakoishia ziwani. Alifika kwa Verna na miaka kumi na sita, mrefu, kimya, anakula kama shimo. Sasa alikuwa na ishirini, na katika ligi ile ishirini ndiyo mwisho. Hakuna timu kubwa iliyompigia simu. Mechi ya Jumapili ile, ya mwisho wa msimu, ikiisha, angerudi kwao kumsaidia mjomba wake kutengeneza injini za maboti, basi. Hilo alilijua, Verna alilijua, na hakuna aliyelitaja mezani. Kendal alisema kitu kimoja tu alipomaliza tambi zake.

"Mama, leo nataka kushinda."

"Kila siku unataka kushinda."

"Leo zaidi," akasema, akapanda ngazi.

Sasa hapa ndipo penye mfupa. Mji mzima wa Marwood, siku ile, ulikuwa unataka kushindwa.

Katika ligi ile, timu inayoburuza mkia ndiyo inayochagua kwanza chipukizi mwaka unaofuata. Ni utaratibu wa huruma: mnyonge apewe cha kwanza naye anyanyuke. Lakini huruma ikishajulikana saa yake ya kugawiwa, watu huvaa matambara na kuja kupanga foleni. Na mwaka ule palikuwa na kijana mmoja wa kuchaguliwa, mtoto wa mkulima wa Delmont, ambaye wazee walisema hawajaona mfano wake tangu barafu iumbwe. Marwood hawakumtaja hata jina. Walisema tu "yule Mtoto", kwa sauti ile ile ya kanisani mwezi wa Desemba.

Hivyo timu yao, Makorongo, ilianza kuoza kwa mpango. Hakuna aliyemwambia mchezaji afungwe. Hilo lingekuwa aibu, na vijana wenyewe wasingekubali, maana kila mmoja anacheza akitafuta riziki yake ya kesho. Hapana. Katikati ya majira ya baridi mfungaji mzuri aliuzwa, kisha beki mzuri, na nafasi zao wakapewa watoto ambao kofia zilikuwa zinawapwaya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Marwood iliinama hadi paji la uso likagusa sakafu. Kilichosahauliwa kuuzwa ni golikipa. Nani angemnunua kijana wa miaka ishirini mwenye goti bovu? Naye wiki mbili za mwisho akasimama langoni kama mtu aliyefiwa na woga, akashinda mechi ambazo hazikuhitajika, na watu wakawa wanatoka uwanjani wakimsifu kwa uchungu.

Ikabaki mechi moja, dhidi ya Ashby, timu nyingine iliyokuwa inakimbilia mkia huo huo. Makorongo wakifungwa, Mtoto ni wao. Wakishinda, Mtoto ni wa Ashby.

Verna alikuwa ameshaizungushia simu taulo, isije ikamwamsha kijana, aliposikia mlango wa mbele ukigongwa.

Mlango wa mbele. Nyumba za Marwood huingiwa kwa nyuma. Mbele hugonga polisi na wahubiri. Alifungua akamkuta Lorne Friesen, mwenyekiti wa klabu, muuza matrekta, mtu aliyekuwa akiingia kwake kwa nyuma bila hodi tangu Metro yuko hai. Alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Umesahau njia, Lorne?" Verna alinong'ona. "Au umeokoka umekuja kunihubiria?"

"Sikutaka kumwamsha kijana."

"Ndiyo maana ukagonga."

Lorne akatabasamu nusu. Hakuvuka kizingiti. Theluji ya mwisho ilikuwa inayeyuka, maji yakidondoka kutoka kwenye paa nyuma ya kisogo chake, na jua likiyapitia yale matone.

"Amelala?"

"Amelala."

"Vizuri. Amechoka yule. Kacheza mfululizo, na lile goti lake." Akaizungusha kofia. "Mtoto akichoka hivyo, hata akipitiliza kidogo, nani atamlaumu? Nani atakulaumu wewe?"

Verna akamwangalia. "Unaniambia nisimwamshe."

"Sijasema hivyo. Wala hutanisikia nikisema hivyo."

"Basi umesema nini?"

"Nimesema amechoka." Lorne akashusha sauti zaidi. "Verna, wale matajiri wa mjini wamerudi tena. Wanataka kuinunua klabu waihamishe. Viti vitupu vimewapa mdomo. Yule Mtoto akija, viti vinajaa, na wao wanarudi kwao. Asipokuja, sijui. Uwanja ukifungwa, Marwood itabaki na nini? Ghala la ngano na makaburi. Metro alipigilia lile paa kwa mikono yake."

"Metro usimwingize."

"Simwingizi. Yumo."

Akavaa kofia, akashuka ngazi za mbele kwa uangalifu kama mtu asiyezijua, akaenda zake.

Naomba msimlaani Lorne haraka. Hakuwa mtu mbaya. Aliupenda mji wake kupita kiasi, na mapenzi ya namna hiyo huona mtoto mmoja ni kitu kidogo. Kibaya ni kwamba Verna naye aliupenda kiasi hicho hicho. Uwanja ule ndio uliompa wana. Ukifungwa, hakuna kijana mwingine ambaye angekuja kuvua buti kibarazani kwake, na yeye angezeeka ndani ya nyumba yenye vitanda vilivyotandikwa.

Alikaa kwenye kiti cha jikoni. Nyumba ilikuwa na utulivu ule wa siku ya mechi, utulivu unaopumua, kwa sababu juu yupo mtu anapumua. Jua liliingia dirishani likalala mezani, likashuka polepole hadi sakafuni. Nje maji yalidondoka, tap, tap, na kichwa chake kikawa kizito.

Akamwona Metro juu ya paa la uwanja, kijana, misumari midomoni, anapigilia, tap, tap. Paa lilikuwa la barafu, angavu, na chini yake uliweza kuona vijana wote waliowahi kulala kwake wakizunguka bila sauti. Yule mchungaji alikuwemo, bado na chunusi. Walikuwa miguu mitupu juu ya barafu na hawakuona baridi. Verna akawaita waje kula, nao wakasimama wote wakamtazama, wakingoja kitu ambacho alikuwa amekisahau. Metro akatoa misumari mdomoni. "Verna," akasema, "wamelala hao. Watakulaje usingizini?"

Akafumbua macho. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa kumi.

Miaka iliyofuata, watu wa Marwood walipokisimulia kisa hiki, walisema kwamba Verna alipitiwa na usingizi. Ni watu wema, wakampa kisingizio. Lakini mimi nasema ilivyokuwa. Aliamka kwa wakati. Aliiona saa ikigonga saa kumi kamili, akaisikia, na akaendelea kukaa. Mikono yake ilikuwa mapajani. Alijiambia: mtoto amechoka. Alijiambia: goti lake. Mshale ukasogea. Alijiambia kwamba hafanyi jambo lolote, na kweli hakuwa anafanya lolote, na hapo ndipo penye ubaya wake. Jua lilishafika miguuni pake. Kama angekaa dakika chache zaidi, kazi yote ingekuwa imefanyika yenyewe, na Mtoto angekuja, na viti vingejaa, na Kendal angeamka mwenyewe gizani akidhani bado ni mchana.

Wazo hilo la mwisho ndilo lililomnyanyua. Alimwona akiamka, akitafuta mwanga.

Alipanda ngazi haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu. Chumba kilikuwa na giza la pazia. Kendal alikuwa amelala chali, blanketi hadi kidevuni. Verna akapenyeza mkono chini ya blanketi, akatafuta kidole.

Akashika soksi.

Haikuwa soksi ya kulalia. Ilikuwa ile nyembamba nyeusi, ya kuvalia na suti, maana vijana wale huenda uwanjani na suti na tai kama waendao harusini. Akaivuta blanketi. Kendal alikuwa amevaa tayari: shati jeupe, tai, koti. Viatu tu ndivyo vilivyokuwa vimekosekana. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama dari.

"Uko macho tangu lini?" Verna aliuliza.

"Tangu Lorne alipogonga mlango wa mbele."

Maji yakadondoka nje. Verna alikuwa bado ameshika kile kidole.

"Mbona hukushuka?"

"Sijawahi kushuka mwenyewe siku ya mechi." Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Nilisema nitashuka ukiniamsha. Nikaisikia saa ikigonga. Nikasema, anakuja."

"Nimekuja."

"Umechelewa, mama."

"Nimechelewa," Verna akasema. Alikuwa na la kusema juu ya uwanja, juu ya Metro, juu ya vitanda vilivyotandikwa, lakini mbele ya tai ile iliyofungwa vizuri yote yalikuwa makapi.

Gari la Verna lilikuwa pikapu la Metro, zee, na siku ile liliendeshwa kama la kuibwa. Tope la theluji liliruka hadi kwenye vioo. Kendal alishika begi mapajani. Mlangoni mwa uwanja kocha alikuwa amesimama, mikono kifuani. Aliitazama saa yake ya mkononi, iliyokuwa imeshapita kumi na nusu. Akamtazama Kendal na suti yake, akamtazama Verna aliyekuwa bado na aproni.

"Saa hii ina wazimu," kocha akasema, akaivua, akaitia mfukoni. "Ingia."

Waliokuwepo jioni ile hawajawahi kuona mechi kama ile, wala hawataki kuiona tena. Ashby walipofunga bao la kwanza, watu wa Marwood walipiga makofi, kisha wakaoneana aibu wakaacha. Kendal alipodaka kwa glavu kile kisahani cheusi ambacho kwao ndicho mpira, uwanja mzima uliguna chini chini. Alipiga magoti, akajinyoosha, akainuka na lile goti lake, tena na tena, na kila alipookoa ukimya ulizidi, hadi ukawa unasikia vyuma vya viatu vikikata barafu.

"Mwanao anatuua, Verna," Doreen akamnong'oneza, blanketi miguuni.

"Muache atuue."

"Ila anadaka, jamani. Hebu mtazame."

"Namtazama."

Lakini Kendal hakumtazama yeye. Kwa misimu minne, kabla ya kila kipindi, alikuwa akigonga miamba ya lango kwa gongo lake, kushoto, kulia, kisha akiinua uso kuelekea kiti cha Verna, chini ya saa kubwa. Siku ile aligonga kushoto, akagonga kulia, akainama. Kipindi cha pili vile vile. Cha tatu vile vile. Wale watoto wenye kofia za kupwaya, sijui nini kiliwaingia, walirudisha bao, wakaongeza la pili, na Makorongo wakashinda. Watu hawakushangilia wala hawakuzomea. Walikunja mablanketi yao taratibu. Mzee mmoja alivua kofia, akaishika kifuani, akabaki amesimama akitazama lango likiwa tupu. Verna alilia, na hakujua ni kwa lipi kati ya yale yaliyokuwepo.

Mtoto alikwenda Ashby. Lorne aliacha kwa muda kupita kwa Verna, mlango wa mbele na wa nyuma. Matajiri wa mjini walirudi tena wakaondoka tena, na hadi leo bado wanakuja na kuondoka, na uwanja bado upo, na kila vuli watu husema huu ndio mwaka wa mwisho. Lakini hayo Verna hakuwa akiyawaza wiki ile. Alichowaza ni kwamba tangu Jumapili, Kendal hakumwita mama.

Alikuwa mpole. Aliosha vyombo. Alisema asante, alisema usiku mwema, akapanda ngazi. Ilikuwa kama kukaa na mgeni mwenye adabu, na Verna, aliyewahi kutukanwa na vijana wa kila aina, aligundua kwamba adabu inaweza kuuma kuliko tusi.

Siku mama mzazi wa Kendal alipokuja kumchukua, safari ya kutwa nzima, Verna alimpa chai, akamfungashia chombo cha perohe, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani, kwa ajili ya njiani. Wanawake wale walishikana mikono muda mrefu. Kisha mama yake akaenda kuwasha gari, na Kendal akaanza kushusha mizigo, na Verna akaona hataweza. Hataweza kusimama mlangoni aambiwe asante kwa adabu.

"Najinyoosha kidogo," alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu. Akajilaza kwenye kochi la sebuleni, akavua ndara, akafumba macho.

Akasikia begi likivutwa ngazini. Akasikia mlango wa kibaraza ukifunguliwa, baridi ikaja chini chini sakafuni ikamgusa nyayo. Akasikia buti zikivaliwa, moja, ya pili. Mlango ukafungwa. Nje injini ilikuwa ikinguruma. Alibana macho kama mtoto anayengoja sindano. Mbali sana angani korongo wa kweli walikuwa wanapita kwenda kaskazini, wa kwanza mwaka ule, na sauti yao ilikuwa kama milango mingi inayofunguliwa bila mafuta. Ikapita. Nyumba ikawa haina mtu anayepumua juu.

Mlango ukafunguliwa tena.

Hatua zilivuka kizingiti na buti. Katika miaka yote ile hakuna buti iliyowahi kuvuka kizingiti kile. Zilipita jikoni, zikaja juu ya zulia la sebuleni, nzito, zenye majimaji, zikasimama miguuni pake. Verna hakutikisika. Kisha vidole vilishika kidole gumba cha mguu wake, juu ya soksi ya sufu, vikakibana taratibu, vikangoja.

"Najua uko macho, mama," Kendal akasema.

Verna hakufumbua macho upesi. Alikiacha kidole chake pale kilipo.

"Umechelewa," akasema.

"Kidogo tu," akasema Kendal. "Amka basi unisindikize."

Aliamka, akamsindikiza hadi garini kwa soksi, kwenye tope.